Triga ya Gramu 500

Tarehe 30 Julai 2024, katika viwanja vya kulenga shabaha vya Châteauroux, Ufaransa, Mturuki mwenye umri wa miaka 51 alisimama kwenye mstari akiwa amevaa fulana, miwani yake ya kila siku na vizibo vidogo vya masikioni. Mkono wa kushoto alikuwa ameutia mfukoni. Yusuf Dikeç na mwenzake Şevval İlayda Tarhan walifungwa na Waserbia, Zorana Arunović na Damir Mikec, wakaondoka na medali ya fedha katika bastola ya hewa kwa timu mchanganyiko. Washindi wa dhahabu walisahauliwa upesi na watu wasiofuatilia mchezo huu, lakini picha ya yule mzee mwenye mkono mfukoni ilizunguka dunia nzima, na kila aliyeiona alisema lake: hana lenzi maalumu, hana kifuniko cha jicho, hana chochote.

Hana chochote usoni, kweli. Lakini mkononi alikuwa na chombo kilichorekebishwa kwa uangalifu mkubwa, na sehemu ya chombo hicho iliyo muhimu kuliko zote ilikuwa imefichwa na kidole chake cha shahada. Mtu akitaka kuelewa kwa nini bastola moja ya hewa hutoboa kundi la matundu linalofunikwa na sarafu, na nyingine iliyotengenezwa kwa mtutu mzuri vilevile hutawanya risasi zake karatasi nzima, aanzie hapo kwenye triga. Sura hii inahusu triga, na jinsi fundi wa kawaida mwenye bisibisi, msasa na subira anavyoweza kuifanya triga ya bastola ya bei nafuu imtendee haki mlengaji.

Tuanze na kipimo cha kazi yenyewe. Bastola ya hewa ya meta 10 iliingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1988 mjini Seoul, ambako Tanyu Kiryakov wa Bulgaria alishinda kwa wanaume na Jasna Šekarić wa Yugoslavia kwa wanawake. Risasi ni za milimita 4.5. Bastola haipaswi kuzidi gramu 1500. Mlengaji husimama bila kuegemea kitu, hushika kwa mkono mmoja tu, na duara la alama 10 analolitafuta lina kipenyo cha milimita 11.5. Mrusi Sergei Pyzhianov alipata alama 593 kati ya 600 mwaka 1989, na rekodi hiyo ikakaa miaka ishirini mpaka Jin Jong-oh wa Korea Kusini alipoivuka mwaka 2009 kwa alama moja tu: 594. Risasi sitini, alama sita zilizopotea.

Sasa fanya hesabu ndogo. Chukua bastola ambayo kilengeo chake cha mbele na cha nyuma vimeachana kwa sentimita 30. Meta 10 ni mara thelathini na tatu na kidogo ya umbali huo. Kilengeo cha mbele kikihama robo ya milimita kutoka katikati ya pengo la kilengeo cha nyuma, risasi itahama zaidi ya milimita 8 kwenye karatasi. Kwa kuwa risasi yenyewe ina upana wa milimita 4.5, na ukingo wake ukigusa duara unahesabiwa, kitovu chake kinaweza kuwa milimita 8 kutoka katikati na bado ukapewa 10. Kwa hiyo robo ya milimita, unene wa karatasi mbili tatu za kawaida za kuandikia, inatosha kukunyang'anya alama. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kutulia kabisa, na walengaji wakubwa nao mikono yao hutikisika. Wanachokifanya ni kukubali mtikisiko huo mdogo na kuhakikisha kwamba hawauongezei mwingine wakati wa kufyatua.

Hapo ndipo uzito wa triga unapoingia, na hapo ndipo bastola inapotengana na bunduki. Bunduki ya hewa ya mashindano ina kilo nne au tano, imeegemea bega, shavu na mikono miwili. Bastola haina pa kuegemea isipokuwa kiganja kimoja mwishoni mwa mkono ulionyooshwa. Crosman 1377, bastola ya Kimarekani ya kupampu ambayo imekuwa sokoni tangu mwaka 1977, ina uzito wa gramu 900 hivi. Triga yake inapotoka kiwandani mara nyingi huhitaji nguvu inayokaribia kilo 2, na nyingine huzidi. Tazama maana yake: kidole kinasukuma nyuma kwa nguvu ambayo ni kama mara mbili ya uzito wa kitu kinachosukumwa. Nguvu hiyo isipokwenda sawasawa na mstari wa mtutu, hata kwa nyuzi chache tu, pua ya bastola lazima igeuke. Kwa mtu anayetumia mkono wa kulia, mara nyingi hugeuka chini na kushoto. Ukiona matundu yako yamerundikana upande huo, usikimbilie kugeuza skrubu za vilengeo. Kidole ndicho kinachosema.

Wengi husikia hivyo wakadhani dawa ni triga nyepesi tu. Wepesi ni nusu ya habari. Nusu ya pili, ambayo mimi naiona kubwa zaidi, ni kutabirika. Triga mbaya hukwaruza: unavuta, inasogea, inakwama, inasogea tena, na hujui ni wapi itaachia. Kila inapokwama unaongeza nguvu, na inapoachia ghafla ile nguvu ya ziada haina mahali pa kwenda isipokuwa kwenye mkono. Kisha triga huendelea kurudi nyuma hadi kugonga fremu, na mgongano huo hutokea wakati risasi ingali ndani ya mtutu. Risasi inayotoka kwa kasi ya meta 120 kwa sekunde kwenye mtutu wa sentimita 25 hutumia takriban milisekunde 4 kupita humo, bila kuhesabu muda ambao nyundo imetumia kufika kwenye vali. Ni muda mfupi, lakini bastola nyepesi inaweza kuhama robo ya milimita katika muda huo bila taabu.

Kwa hiyo triga nzuri ya mashindano ina tabia tatu. Ina hatua ya kwanza, mvuto mrefu na laini unaobeba sehemu kubwa ya uzito, halafu kidole kinakutana na ukuta. Ina hatua ya pili, ambapo uzito mdogo uliobaki unaongezwa na bastola inafyatuka bila triga kuonekana imesogea. Na mara tu baada ya kuachia, triga inasimama. Sheria za shirikisho la kimataifa la mchezo huu, ISSF, zinadai jumla ya uzito isipungue gramu 500. Kupima ni rahisi: mtutu unaelekezwa juu wima, uzito wa gramu 500 unaning'inizwa kwenye triga, na bastola inainuliwa pamoja na uzito huo. Triga ikiachia, bastola haikubaliki.

Kiwango hicho hakikuwekwa ili kuwatesa walengaji. Triga nyepesi mno huachia kabla mtu hajaamua, na silaha inayoachia bila kuamuliwa ni hatari hata kama inatoa hewa tu. Kwa bastola ya nyumbani, isiyo na vifaa vya usahihi wa kiwanda cha mashindano, mimi nisingeshauri mtu ashuke hata kufika gramu 500. Kati ya gramu 700 na kilo 1, ikiwa laini na yenye kutabirika, inatosha kabisa kumwonyesha mlengaji uwezo wake.

Kabla ya kufungua skrubu yoyote, pata ushahidi kwamba tatizo ni triga. Weka karatasi kwenye meta 10, mbele ya sanduku imara la kunasia risasi. Kaa mezani, laza mikono yote miwili juu ya mfuko laini wa mchanga au mchele, ufyatue risasi kumi kwa utulivu. Kisha simama, tumia mkono mmoja, ufyatue kumi nyingine kwenye karatasi mpya. Usiifunge bastola kwenye jiriwa. Zile za springi na pistoni hasa huruka zinapofyatuka, na zikibanwa ngumu hupeleka risasi mahali pengine kabisa. Kundi la mezani likiwa limetawanyika vibaya, badilisha risasi kwanza, jaribu aina mbili tatu, kagua kama mtutu umelegea au mdomo wake una alama. Triga haitaponya mtutu mbovu. Lakini katika bastola nyingi za bei nafuu utashangaa: mezani matundu yanagusana, ukisimama yanakuwa mara nne au tano ya upana huo. Sehemu ya tofauti hiyo ni mkono wako, na mkono unafunzwa kwa miezi. Sehemu nyingine ni triga, na hiyo unaweza kuipunguza Jumamosi moja.

Unahitaji pia kujua bastola yako ni ya ukoo gani, kwa sababu ukoo unaamua ni kiasi gani unaruhusiwa kugusa. Katika bastola za kupampu, za gesi ya kaboni dioksidi na za silinda ya hewa, triga inazuia nyundo ndogo inayosukumwa na springi ndogo. Nyundo ikiachiwa inagonga vali, vali inafunguka, hewa inatoka. Nguvu inayokaa juu ya ulimi unaoshika nyundo ni kidogo, na ndiyo maana bastola hizi hurekebishika kwa urahisi. Katika bastola za springi, kama Weihrauch HW45 ya Ujerumani, triga inazuia pistoni yenyewe na springi kubwa iliyobanwa nyuma yake. Nguvu ni kubwa mara nyingi zaidi, ulimi umechongwa kwa pembe iliyokusudiwa kubeba mzigo huo, na makosa madogo yanaweza kuiachia pistoni vidole vyako vikiwa njiani. Kwa ukoo huu, nasema waziwazi: ishia kwenye skrubu za marekebisho zilizowekwa na kiwanda, usafi na grisi. Usipige msasa, usikate springi.

Yanayofuata, basi, yanahusu ukoo wa kwanza, na Crosman 1377 ni mfano mzuri kwa kuwa mitambo yake ni michache na imefanyiwa kazi na maelfu ya watu wa kawaida kwenye meza za gereji huko Marekani.

Usalama kwanza, na si kwa mdomo tu. Kiwanda hushauri pampu moja au mbili ziachwe ndani bastola inapohifadhiwa, ili sili za vali zibaki zimekaa mahali pake. Maana yake ni kwamba bastola iliyotoka kabatini ina hewa, hata kama hukuipampu wewe. Fungua bolti, hakikisha kwa macho hakuna risasi ndani, elekeza mtutu kwenye sanduku la kunasia, ufyatue hadi isikike nyundo tu bila mlio wa hewa. Vaa miwani ya kinga. Kama bastola ni ya gesi, toa mtungi. Ndipo ukae mezani, chini ya taa nzuri, juu ya taulo jeupe, kwa sababu ndani kuna vijipini na vijispringi vinavyoruka na rangi ya sakafu huvimeza. Piga picha kwa simu kila hatua kabla ya kuondoa kitu.

Ukifungua ubavu wa kushoto wa mshiko utaona utaratibu wote. Triga inazunguka kwenye pini. Ukiivuta, inasukuma ulimi, ulimi unashuka, ukingo wake unaachia nyundo. Chini ya ulimi kuna springi inayourudisha juu. Uzito unaousikia kidoleni unatoka sehemu mbili: springi hiyo, na msuguano wa chuma juu ya chuma pale ulimi unapoiachia nyundo. Kazi yetu ni kuvipunguza vyote viwili bila kupunguza uhakika wa ulimi kushika.

Anza na kitu ambacho watu hukidharau. Bastola nyingi hutoka kiwandani zikiwa na vumbi la chuma na mafuta mazito yaliyokauka kwenye sehemu hizo. Toa ulimi na triga, zioshe kwa mafuta ya taa au spiriti, zikaushe, pangusa matundu ya pini kwa kijiti cha pamba. Rudisha ukiweka tone dogo la grisi ya molibdeni pale tu chuma kinapoteleza juu ya chuma. Usilowanishe kila mahali; mafuta yanayosambaa hukusanya vumbi, na yakifika kwenye vali yanaweza kudhuru sili. Kusafisha peke yake wakati mwingine hubadilisha tabia ya triga kiasi kwamba mwenye bastola huridhika na kuifunga.

Hatua inayofuata ni springi ya ulimi. Iliyowekwa na kiwanda ni ngumu kuliko inavyohitajika, kwa sababu kiwanda kinaitengenezea bastola mnunuzi asiyejulikana, huenda mtoto, huenda mtu mzembe, na kinapendelea triga nzito kuliko kesi mahakamani. Tafuta springi yenye upana na urefu ule ule lakini waya mwembamba zaidi. Mafundi wengi hutumia springi ya kalamu ya wino iliyokatwa kwa kipimo. Inafaa, kwa sharti kwamba ulimi bado unarudi juu kwa haraka na kwa uhakika kila mara unapovuta bolti. Ile ya asili iweke kwenye bahasha, andika jina la bastola, uihifadhi. Usiikate. Springi iliyokatwa hairudi, na siku utakapoiuza au kumpa mtu mwingine bastola hiyo utataka kuirudisha kama ilivyokuwa.

Kisha nyuso zinazogusana. Tazama ukingo wa ulimi na mdomo wa nyundo kwa kioo cha kukuzia. Utaona mistari ya mashine, kama mifereji midogo, na pengine sehemu zilizobanduka. Mistari hiyo ndiyo mkwaruzo unaousikia kidoleni. Weka msasa wa maji wa namba 1000 juu ya kipande cha kioo bapa, uuloweshe kwa tone la mafuta, telezesha uso wa ulimi juu yake kwa misukumo mirefu michache, ukiushikilia ukae bapa kabisa. Badilisha msasa uende 2000. Lengo ni kung'arisha, siyo kuchonga. Tupa isikaribie hapo. Sehemu hizi mara nyingi zimefanywa ngumu juu tu, tabaka jembamba sana, na ukilipita unakutana na chuma laini kitakachoisha baada ya mifyatuo mia kadhaa, na ulimi uanze kuteleza wenyewe. Muhimu zaidi ni pembe. Ukiizungusha kidogo tu kuelekea upande wa kuachia, umetengeneza bastola inayoweza kufyatuka ikigongwa. Kama mkono wako haujawahi kushika kazi ya namna hii, fanya mazoezi kwanza kwenye kipande cha chuma cha taka, au mpelekee fundi wa kutengeneza saa au cherehani; watu hawa wanajua kung'arisha bila kula chuma.

Kuna kasoro nyingine ambayo haipimwi kwa mizani, nayo ni mchezo wa kando. Shika triga uitikise kushoto na kulia. Ikicheza, kila mvuto utakuwa na njia yake, na mlengaji hawezi kujifunza triga ambayo kila mara ni mpya. Pete bapa nyembamba za shaba kila upande, zilizokatwa hata kwenye karatasi ya shaba, huondoa mchezo huo. Hakikisha tu triga bado inarudi yenyewe bila kusita. Kwa maoni yangu hili ndilo rekebisho linalotoa faida kubwa kwa gharama ndogo kuliko yote, na ndilo linalorukwa zaidi, kwa sababu halimpi mtu namba ya kujisifia.

Baada ya hapo, kizuizi cha nyuma. Kazi yake ni kuisimamisha triga papo hapo baada ya nyundo kuachiwa. Njia ya kifundi ni kutoboa tundu dogo kwenye triga au kwenye kinga yake, kulitia nyuzi, na kuweka skrubu ndogo inayogeuzwa kwa ufunguo wa pembe sita. Njia ya mtu asiye na drili ni kubandika kipande cha mpira mgumu nyuma ya triga na kukipunguza kwa wembe kidogokidogo. Kwa njia zote mbili kanuni ni moja: kaza hadi bastola ikatae kufyatuka, halafu legeza hadi ifyatuke kila mara, halafu ongeza kidogo kwa ajili ya uchafu na joto. Kizuizi kilichokazwa mno huacha ulimi ukigusa nyundo inapopita, na alama za mgusano huo zitaonekana kwenye chuma baada ya siku chache.

Upana wa triga nao una neno lake. Triga nyembamba hukata kidole na kufanya kilo 1 ionekane kilo 2. Triga pana, au kiatu cha chuma kinachofungwa juu yake kwa skrubu, hutawanya nguvu ile ile kwenye nyama kubwa zaidi ya kidole. Mizani haitabadilika, lakini kidole kitasikia tofauti, na kinachovuta ni kidole. Hakikisha tu kiatu hakizidi upana wa kinga ya triga, kisije kikakwama kwenye ala au nguo.

Kuna rekebisho moja ambalo nimeliacha makusudi mpaka sasa, kwa kuwa ndilo linalowavutia watu na ndilo linalowaponza: kupunguza kina cha ulimi kushika nyundo. Ukiweka skrubu inayousukuma ulimi chini kidogo kabla hujavuta, safari ya triga inakuwa fupi, na bastola inaachia kwa mvuto mdogo sana. Ni tamu kidoleni. Lakini sasa nyundo yote imeshikwa na ukingo mwembamba, na ukingo huo unachakaa kila siku. Ukifanya hivyo, acha kina kinachoonekana wazi kwa macho bila kioo, funga skrubu kwa gundi ya nyuzi isigeuke yenyewe, na ukague kila mwezi.

Baada ya rekebisho lolote, hata lile la grisi tu, bastola lazima ipite mtihani kabla ya kuwekwa risasi. Haina hewa, haina risasi, nyundo imevutwa. Gonga kitako chake kwa nyundo ya mpira, nyuma, juu, kando zote mbili. Funga bolti kwa nguvu mara nyingi mfululizo. Washa kizuizi cha usalama, vuta triga kwa nguvu, achia, kisha zima kizuizi bila kugusa triga. Nyundo isianguke hata mara moja katika yote hayo. Ikianguka, usitafute kisingizio. Rudisha springi ya zamani na uanze upya. Ikipita, fyatua risasi kadhaa ukiwa umepakia moja moja, mtutu ukiwa umeelekea kwenye sanduku wakati wote, ndipo uiamini.

Kupima matokeo, nunua mizani ndogo ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo au samaki. Funga uzi katikati ya triga, vuta polepole sambamba na mtutu, soma namba inapoachia. Rudia mara kumi. Usitafute namba ndogo. Tafuta namba zinazofanana. Triga inayosoma gramu 900 mara zote kumi itakupa kundi dogo kuliko inayosoma 600, kisha 850, kisha 700.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki niongeze neno la sheria. Usichukulie kwamba bastola ya hewa ni kitu cha kuchezea kwa kuwa haitumii baruti. Kabla ya kuinunua, kuiingiza nchini au kuibeba njiani, uliza polisi wa eneo lako au klabu ya walengaji iliyosajiliwa, na upate jibu la maandishi. Na kwa mtu wa mbali anayekuona, bastola ni bastola. Ibebe ndani ya sanduku lililofungwa.

Sasa rudi kwenye meta 10. Wiki za mwanzo fyatua bila risasi zaidi kuliko kwa risasi, ukilenga ukuta mweupe usio na alama yoyote, ili macho yashughulike na kilengeo cha mbele tu. Bolti ikivutwa na hewa isipopampwa, 1377 inafaa kwa zoezi hili. Weka sehemu nene ya ncha ya kidole kwenye triga, siyo kiungo, na uangalie kilengeo cha mbele wakati nyundo inapoanguka: kikiruka, umevuta, kikibaki kilipokuwa, umeachia. Triga ya zamani ilikuwa ikificha jambo hili kwa sababu kila kitu kiliruka. Hii mpya italionyesha kila mara, na kwa siku kadhaa unaweza kudhani umeiharibu bastola, kumbe sasa unauona mkono wako ulivyo.

Ukianza tena kutumia risasi, kundi la matundu huenda likawa dogo lakini limehamia mahali pengine, mara nyingi juu na kulia ya lilipokuwa. Vilengeo vyako vilikuwa vimepangwa kufidia ule mvuto wa chini kushoto. Fyatua angalau risasi ishirini kabla ya kuvigusa, pima kitovu cha kundi, halafu vigeuze hatua moja moja mpaka kitovu hicho kikae katikati ya duara jeusi.